Kujifua kwa mlima wa Kawetire ukiwa chumbani: mwongozo wa trena kwa wanyonga baiskeli wa nyanda za juu

Barabara ya Mbeya kwenda Chunya haikupi muda wa kujipanga. Unatoka mjini kwenye kimo cha mita kama 1,700, unaanza kupanda, na unapanda tu mpaka uingie msitu wa Kawetire, ambako lami inapita juu ya mita 2,400. Kwa misimu miwili nilikuwa nashuka kwenye baiskeli karibu mahali pale pale, kona moja kabla miti haijaanza kuwa mizito, miguu inatetemeka na pumzi haitoshi.

Siku moja nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara, alinifikia mzee mmoja anayepanda taratibu na baiskeli yake ya mzigo, magunia matupu yamefungwa nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeketi?"

"Miguu imekataa, mzee."

"Miguu haijakataa. Ulinipita kule chini kama mtu anayefukuzwa."

Akaendelea kupanda. Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimempita nikiwa na nguvu zote. Tatizo langu halikuwa mlima. Sikujua nguvu zangu zinaishia wapi, kwa hiyo nilizitumia zote kwenye dakika kumi za kwanza. Kitu kilichonifundisha kipimo hicho ni trena chumbani, yaani kifaa kinachoishika baiskeli na kuikazia ili unyonge bila kusogea, baiskeli imesimama palepale na skrini mbele yangu inanionyesha mlima wa kwenye programu. Nitaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa wiki nane, kwa mtu anayeishi huku kwetu: Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga au Tukuyu.

Kwa nini chumbani, wakati milima imetuzunguka

Swali hili naulizwa kila mara, na ni swali la haki. Jibu la kwanza ni usalama. Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ni mahali pazuri pa kupimia miguu, lakini ni barabara ya TANZAM yenye kona kali, na malori yaendayo Zambia na Kongo yanapanda na kushuka hapo usiku na mchana. Mteremko wa Iwambi upande wa Mbalizi ni hivyo hivyo. Sitamshauri mtu afanye mazoezi ya kurudia-rudia kwenye barabara hizo. Jibu la pili ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa Tukuyu karibu mwaka mzima, jioni nyingi zinaliwa na mvua na ukungu. Jibu la tatu ni giza: wengi wetu tunatoka kazini saa kumi na moja, na kufika saa moja usiku kumeshakuwa giza.

Lakini sababu kubwa kwangu ni nyingine. Barabarani mlima haufanani kutoka mita hadi mita. Unalegea, unakaza, upepo unageuka, lori linakupita, na huwezi kujua kama umechoka kwa sababu umekosea mwendo au kwa sababu mwinuko umebadilika. Chumbani unaweza kushika nguvu ile ile kwa dakika ishirini na kuusikiliza mwili wako.

Hatua ya kwanza: vifaa, kwa mfuko wako

Trena ziko za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ambayo tairi la nyuma linakaa juu ya rola, na rola inazuiwa na sumaku au mafuta. Hii ni nafuu na haihitaji umeme. Ukiifungia kihisi cha mwendo kwenye gurudumu la nyuma, programu inakadiria wati zako, yaani kipimo cha nguvu unayosukuma, kutokana na kasi ya gurudumu. Haitabadilika yenyewe mlima ukikaza kwenye skrini. Utabadilisha gia wewe. Ya pili ni trena janja: inawasiliana na programu kwa Bluetooth, na mwinuko ukiongezeka kwenye skrini inakukazia yenyewe. Zilizo bora zaidi unatoa gurudumu la nyuma kabisa na kufunga mnyororo moja kwa moja kwenye trena. Hapo hakikisha kaseti ya trena (yale magurudumu ya meno ya nyuma) ina idadi ya gia sawa na ya baiskeli yako, na kwamba ekseli yako inaingia. Mimi nilinunua yangu ikiwa imetumika, nikaifikisha nyumbani, ekseli haikuingia, na nikakaa wiki tatu nikisubiri kipande kidogo cha chuma. Uliza kabla ya kulipa.

Kama uwezo wako ni wa trena ya sumaku tu, usikate tamaa na usisubiri. Zaidi ya nusu ya mwongozo huu unawezekana nayo. Kama baiskeli yako ni ya milimani yenye tairi la meno, weka tairi laini nyuma. La meno linapiga kelele, linatetemesha nyumba nzima na linalika haraka kwenye rola.

Upande wa programu, Zwift inalipiwa kila mwezi na ndiyo yenye watu wengi. MyWhoosh, ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ni ya bure, na kwa mtu anayeanza naona ndiyo mlango mzuri. Rouvy inakuonyesha video za barabara halisi. Zote zinafungua kwenye laptopu, na nyingi hata kwenye simu. Kupakua programu kwa mara ya kwanza kunakula bando kubwa, kwa hiyo fanya hivyo mahali penye Wi-Fi. Ukishaanza kuendesha, matumizi ni madogo ukilinganisha na kuangalia video.

Kuhusu umeme: trena janja yenyewe inakula umeme mdogo, inverta ya kawaida ya nyumbani inaweza kuibeba pamoja na ruta na feni. Zipo trena janja zinazofanya kazi hata bila kuchomekwa. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, usishuke. Maliza kwa pumzi na saa ya mkononi kadiri trena yako inavyoruhusu. Huko barabarani pia hakuna atakayekuonyesha wati.

Halafu feni. Watu wa Mbeya na Njombe wananiambia hapa kuna baridi, feni ya nini? Ukiwa barabarani upepo wa mwendo unakupoza. Chumbani hakuna upepo huo, na baada ya dakika kumi na tano mwili unachemka hata kama nje ni Juni na mikono inaganda. Mwili ukichemka mapigo ya moyo yanapanda na nguvu inashuka, na utadhani umedhoofika. Feni iwe mbele, usawa wa kifua. Weka taulo juu ya usukani pia. Jasho lina chumvi: boliti za shingo ya usukani wangu zilishika kutu kimya kimya mpaka fundi akalazimika kuzitoboa.

Na jambo moja ambalo halina uhusiano na mlima: kama nyumba ina watoto wadogo, funga mlango. Gurudumu na mnyororo vinavyozunguka kwa kasi havina huruma na vidole.

Hatua ya pili: kuipanga baiskeli ikae kama inapanda

Chumbani baiskeli imelala sawa, lakini mlimani pua inatazama juu. Tofauti hiyo inabadilisha jinsi mgongo, kiuno na misuli ya makalio inavyofanya kazi, na ndiyo sababu mtu aliyejifua vizuri ndani anaumwa mgongo akifika mlimani. Dawa ni kipande cha ubao. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye baiskeli nyingi ni kama mita moja. Kwa hiyo ukiinua gurudumu la mbele kwa sentimita 6, umeiweka baiskeli kwenye mwinuko wa karibu asilimia 6. Kwanza hakikisha imelala sawa (trena nyingi za rola zinainua nyuma kidogo, kwa hiyo mbele inahitaji kitu cha kusawazisha), ndipo uongeze sentimita 6 juu yake. Ubao mpana, wenye mtaro wa kushika tairi. Tofali la kuchoma linapasuka, nimejaribu.

Ukishapasha moto dakika kumi, sawazisha kipimo cha trena kama programu inavyoelekeza. Jaza tairi upepo kiasi kile kile kila siku kama ni trena ya rola, la sivyo wati za Jumanne hazitalingana na za Alhamisi. Na kwenye programu andika uzito wako wa kweli, pamoja na urefu wa mwili wako.

Uzito ule nauandika kwa msisitizo kwa sababu mlimani ndio karibu kila kitu. Chukua mtu wa kilo 70 na baiskeli, maji na vifaa vya kilo 12, kwenye mwinuko wa asilimia 7. Ili aende kilomita 10 kwa saa anahitaji kama wati 180, na kati ya hizo wati 155 au zaidi zinatumika kuinua uzito tu. Upepo hapo ni jambo dogo. Akitaka kwenda kilomita 12 kwa saa, anahitaji kama wati 215. Tazama pengo hilo: kilomita 2 kwa saa, ambazo kwa macho huzioni, zinakudai wati 35 zaidi. Ndicho nilichokuwa nakifanya kule chini nilipompita yule mzee.

Sasa jambo la ugumu. Kwenye mipangilio, Zwift ina kitelezi cha ugumu wa trena, na kinapowekwa kama kilivyokuja kinakuwa nusu. Maana yake, skrini ikionyesha asilimia 8, miguu inahisi kama 4. Wengi wanadhani huo ni udanganyifu wa matokeo. Sivyo: kasi yako kwenye mchezo bado inatokana na wati na uzito, kwa hiyo muda wa kufika kileleni unaupata kwa jasho lile lile. Kinachodanganywa ni gia. Unapanda Alpe du Zwift, mlima mrefu wa kwenye programu hiyo, kwa gia ya katikati, miguu inazunguka vizuri, unajiona mpanda milima, halafu unafika Kawetire na kugundua kwamba gia zote zimeisha na mlima ndio kwanza unaanza. Anza na nusu wiki za kwanza, halafu panda kidogo kidogo mpaka wiki ya saba uwe kwenye asilimia mia. Ujue pia kwamba trena nyingi za bei ya chini zinaishia kwenye mwinuko wa asilimia 5 hadi 7 hata ukiweka mia.

Hapo hapo utajifunza kama baiskeli yako ina gia za milima yetu. Meno 34 mbele na 28 nyuma, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, yanakupa mizunguko kama 52 ya miguu kwa dakika. Huko ni kusukuma kwa magoti. Ukiweka 32 nyuma unafika karibu 60. Kaseti yenye 32 au 34 ni fedha iliyotumika vizuri kuliko fremu nyepesi. Muulize fundi kama deraila yako, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo, inaibeba kabla hujanunua.

Hatua ya tatu: pima kiwango chako

Kwenye programu utakutana na herufi FTP. Ni wati ambazo mwili wako unaweza kuzishika kwa takriban saa moja bila kuporomoka. Mimi naiita kiwango, na kila kitu kinachofuata kinapimwa kwa asilimia ya kiwango hicho.

Pasha moto dakika 20, ukiweka ndani yake mikimbio mitatu ya dakika moja. Pumzika dakika 5. Kisha endesha dakika 20 kwa nguvu kubwa kadiri unavyoweza kuishika mpaka mwisho. Wastani wa wati za dakika hizo, zidisha kwa 0.95. Ukipata wastani wa wati 210, kiwango chako ni kama 200. Ukishindwa kukadiria mwendo, programu nyingi zina kipimo cha ngazi: wati zinaongezeka kila dakika mpaka ushindwe, na kiwango kinakadiriwa kuwa asilimia 75 ya dakika yako bora ya mwisho. Napendelea kile cha dakika 20 kwa watu wa milima, ingawa kinauma zaidi, kwa sababu chenyewe ni somo. Ukianza kwa pupa, dakika ya kumi na mbili itakuonyesha.

Gawanya kwa kilo zako upate wati kwa kilo. Hiyo ndiyo namba ya mlima.

Neno kuhusu hewa yetu. Mbeya shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, na Kawetire linashuka zaidi. Oksijeni inayoingia kwa kila pumzi ni ndogo, na wati zinashuka pamoja nayo. Kwa hiyo kiwango ulichopima Mbeya ni cha Mbeya. Usikilinganishe na cha rafiki yako wa Dar es Salaam au na mtu uliyemwona kwenye skrini akiendeshea London, aliyeko karibu na usawa wa bahari. Linganisha na chako cha mwezi uliopita.

Hatua ya nne: wiki nane

Siku tatu za mazoezi kwa wiki zinatosha: mbili za trena, na ya tatu ndani au nje kwa zamu, kama hali ya hewa inaruhusu. Nimejaribu siku tano. Nilichoka, nikawa mkali nyumbani, na sikuongeza wati hata moja.

*Jumanne, nguvu ya kudumu.* Hili ndilo zoezi mama. Wiki ya kwanza na ya pili fanya vipindi 3 vya dakika 10, kila kimoja kwenye asilimia 88 hadi 92 ya kiwango chako, ukipumzika dakika 5 kwa kuzungusha miguu kilaini. Wiki ya tatu, 3 vya dakika 12. Wiki ya nne pumzika: fanya nusu tu. Wiki ya tano 3 vya dakika 15, ya sita na ya saba 2 vya dakika 20. Utahisi kwamba dakika nne za kwanza ni rahisi mno, kama vile unapoteza muda. Hisia hiyo ndiyo unayopaswa kuizoea. Mlimani dakika za kwanza zinatakiwa ziwe hivyo hivyo.

Ndani ya kila kipindi, dakika mbili za kati ziendeshe kwa gia nzito, mizunguko 60 kwa dakika, bila kupandisha wati. Unafundisha misuli kusukuma taratibu kama itakavyolazimika mwinuko ukikaza. Goti likiuma, acha mara moja na rudi kwenye mizunguko 80 au 85. Goti haliponi kwa kulazimishwa.

Kwa trena janja, siku hii tumia modi ya ERG, ambayo inakushikia wati zile zile hata ukibadilisha mwendo wa miguu. Ina mtego mmoja: ukichoka na miguu ikapungua kasi, trena inakaza zaidi ili wati zibaki, miguu inapungua tena, na ghafla umekwama kama gari kwenye tope la Tukuyu. Ukihisi hivyo, ongeza kasi ya miguu mapema, au zima modi hiyo kwa nusu dakika.

*Alhamisi, kukaza na kulegeza.* Milima yetu haina mwinuko mmoja. Kuna kona inayokaza ghafla, halafu inakuachia kidogo. Kwa wiki nne za kwanza fanya hivi: dakika 2 kwenye asilimia 95, dakika 1 kwenye 105, mara nne mfululizo, yaani dakika 12. Pumzika dakika 6. Rudia mara moja, na wiki ya tatu mara mbili. Mwili unajifunza kusafisha uchovu wa ile dakika ngumu huku ukiendelea kufanya kazi, na huo ndio ufundi wenyewe wa kupanda. Zoezi hili fanya bila ERG kama unaweza, ubadilishe gia mwenyewe. Kuanzia wiki ya tano badilisha: vipindi 5 vya dakika 3 kwenye asilimia 110 hadi 115, na mapumziko ya dakika 3 katikati. Haya ni ya pumzi. Yanaumiza, na kwa kimo chetu anza na 108 bila aibu. Kipindi cha tano kikiwa na wati pungufu kuliko cha kwanza, ulianza juu mno.

*Jumamosi au Jumapili, mlima mrefu.* Wiki moja ndani, wiki moja nje. Ndani, chagua mlima wa kwenye programu na uupande wote. Wanaotumia Zwift wana Alpe du Zwift, ulioigwa kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa: kilomita 12.2, kupanda mita 1,036, kona 21, wastani wa mwinuko asilimia 8.5. Mtu mwenye wati kama 3.2 kwa kilo anaumaliza kwa karibu saa moja. Wengi wetu tutatumia saa moja na nusu au zaidi, na hakuna ubaya. Zile kona zina namba, na hapo ndipo utakapofanyia kazi somo kubwa. Mpaka kona ya saba ya kupanda, usivuke asilimia 85 ya kiwango. Watu watakupita, waache. Kutoka ya nane hadi ya kumi na tano, asilimia 88 hadi 90. Sita za mwisho, toa kilichobaki. Ukimaliza, tazama mchoro wa wati: wati zikishuka kuelekea kileleni, wiki mbili zijazo anza chini zaidi.

Wenye kifaa cha Garmin Edge wana njia nyingine ninayoipenda zaidi. Panda Kawetire mara moja na kifaa kikirekodi, hata kama utashuka na kusukuma mahali fulani. Baadaye kiunganishe na trena janja, na kitakurudishia njia ile ile, mwinuko kwa mwinuko, chumbani kwako. Kona yangu niliyokuwa nikishindwa niliipanda mara tano ndani kabla sijaipanda nje.

Mashindano ya mtandaoni yaache kwa miezi miwili hii. Yanasisimua, na Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli limeyapa ubingwa wa dunia tangu 2020, lakini yanaanza kwa mbio za kufa na kupona dakika mbili za kwanza. Ndiyo tabia ile ile tunayojaribu kuivunja.

Kula na kunywa

Zoezi la chini ya saa moja halihitaji chakula, maji tu, na unywe kuliko unavyodhani kwa sababu jasho la ndani ni jingi. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula wanga wa gramu 30 hadi 60 kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25, na hapa kwetu, ndizi za Rungwe zikiwa sokoni kila siku, sioni haja ya kununua vijipakiti vya jeli. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi navyo ni vizuri, vikatwe vidogo na kufungwa kwenye mfuko. Saa mbili kabla ya zoezi, uji wa ulezi unakaa vizuri tumboni. Parachichi ni chakula bora, lakini liwe la baada. Mafuta yake yanachelewa tumboni na utalihisi kwenye kila mzunguko.

Hatua ya tano: kuitoa nguvu nje

Trena haikufundishi kila kitu. Haikufundishi kuishika baiskeli isiyumbe kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, wala kusimama kwenye pedeli huku baiskeli ikiinama kulia na kushoto, wala upepo wa Usangu unaokupiga ubavuni, wala kushuka. Kwa hiyo ule mwisho wa wiki wa nje si wa kuruka. Kwa aliyeko Iringa, mpando wa kutoka Ipogolo kwenda mjini ni mfupi na unafaa kurudiwa alfajiri ya Jumapili kabla magari hayajajaa. Aliyeko Tukuyu ana njia nyingi za vijijini zenye mwinuko kuliko anavyohitaji. Mwenye moyo mkubwa anaweza siku moja kuanzia Kyela, jirani na Ziwa Nyasa lililoko mita kama 475 tu juu ya usawa wa bahari, akapanda mpaka Tukuyu. Huko joto la chini ndilo litakalokusumbua kabla ya mwinuko, kwa hiyo anza kukiwa bado na giza la alfajiri, na taa nyuma.

Wiki ya nane, fanya zoezi la Jumanne kwa wepesi, acha la Alhamisi, lala vizuri, na Jumamosi uende kwenye mlima wako. Kagua breki siku moja kabla. Kupanda ni nusu ya safari, na kushuka kutoka Kawetire kurudi mjini kunakula pedi za breki kuliko wengi wanavyotarajia. Beba koti jepesi: juu kule jasho linageuka barafu dakika tano baada ya kusimama.

Huna kipimo cha wati nje? Tumia pumzi. Kwenye robo ya kwanza ya mlima uwe unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Katikati, maneno matatu manne. Juu, neno moja. Ukijikuta kwenye neno moja ilhali mji bado unaonekana vizuri chini yako, legeza gia, punguza, subiri pumzi irudi, hata kama mtu anakupita.

Andika muda wako kutoka mahali unapopajua hadi mahali unapopajua, alama zisizohama: nguzo, daraja, bango la kijiji. Andika pia kama kulikuwa na upepo. Rudi baada ya wiki nne, siku inayofanana na hiyo, na upande tena kuanzia nguzo ile ile.

Nilipofika msituni bila kushuka kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimepitwa na vijana wawili wa baiskeli za mizigo kule chini. Mmoja wao nilimkuta kwenye kona yangu ya zamani, ameketi ukingoni, akipumua kwa nguvu. Nilimpa ndizi, na tukamalizia mlima pamoja, polepole.